Simu ipi itakufaa siku ya dharura? Mwongozo wa kuchagua simu imara nchini Uganda

Mvua kubwa inaponyesha Kampala, dalili zake huonekana kwanza mabondeni. Mfereji wa Nakivubo hujaa, maji hutanda karibu na Clock Tower, na huko Bwaise watu huanza kuinua magodoro na magunia ya chakula kuyaweka juu ya meza. Saa hiyo hiyo simu huanza kulia mifukoni. Mzazi anauliza kama watoto wamefika shuleni, mwendesha bodaboda anatafuta njia isiyofurika, mwenye duka anamwomba jirani amnusurie bidhaa. Na saa hiyo hiyo simu nyingi huzimika: hii imeingia maji, ile imeishiwa chaji kwa sababu umeme ulikatika tangu usiku.

Waganda wamekwisha kuona siku mbaya kuliko hiyo. Tarehe 1 Machi 2010, ardhi iliporomoka katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kukifukia kijiji cha Nametsi. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ya MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Tarehe 10 Agosti 2024, jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za jiji la Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuziangukia nyumba za watu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Novemba, maporomoko yalitokea tena kwenye miteremko ya Elgon, safari hii katika wilaya ya Bulambuli.

Katika nyakati kama hizo, kifaa cha kwanza ambacho mtu hukitafuta ni simu. Ndiyo maana matangazo ya simu zinazoitwa ngumu, zenye mpira mzito pembeni na picha za mtu aliyesimama kwenye maporomoko ya maji, huwavutia wanunuzi. Lakini katika dharura, mara nyingi kioo si kitu cha kwanza kuharibika. Chaji huisha kwanza. Baada yake mtandao hupotea, kisha mwenye simu hugundua kwamba hakumbuki namba ya kupiga. Mnunuzi anayetaka simu ya kutegemewa hana budi kuyapima mambo kwa mpangilio huo, badala ya kuanza na unene wa kava.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo.

Anza na hatari inayokukabili

Hakuna simu moja inayofaa kila mtu. Mvuvi wa Ggaba anaogopa maji. Mwendesha bodaboda anaogopa mvua, jua na mtikisiko wa injini. Mkulima wa Bududa anaogopa usiku usio na umeme na kilima kinachozuia mawimbi. Fundi ujenzi wa Ntinda anaogopa saruji, vumbi na kuanguka kutoka ghorofani. Mama mwenye watoto wadogo Bwaise anahitaji simu itakayowaka saa tisa usiku, hata kama haijaguswa kwa wiki nzima.

Kabla ya kwenda dukani, jiulize maswali matatu. Ni kitu gani kilichoiharibu simu yako ya mwisho? Ni muda gani mrefu zaidi unaokaa bila umeme? Na wakati wa hatari, utahitaji kuifanyia nini simu hiyo: kupiga tu, au pia kutuma picha, kusoma ramani na kuonyesha mahali ulipo? Majibu yake yatakuokoa usilipie sifa ambazo hutazitumia kamwe.

Chaji ndiyo uhai wa simu

Tarehe 14 Aprili 2020, kisiwa cha majani kinachoelea ziwani kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale huko Jinja, na umeme ukakatika nchi nzima. Hilo lilikuwa tukio la pekee. Kukatika kwa umeme kwa saa kadhaa mtaani, hasa baada ya dhoruba, ni jambo ambalo kila mkazi wa Kampala analijua.

Uwezo wa betri hupimwa kwa miliampea-saa, unaoandikwa mAh. Simujanja nyingi za kawaida zina betri ya takriban mAh 5,000, na baadhi ya simu ngumu zina mara mbili ya hapo au zaidi. Hata hivyo namba hiyo peke yake haitoshi. Simu ndogo ya vitufe yenye betri ya mAh 1,000 inaweza kukaa siku nyingi ikisubiri kupigiwa, kwa sababu skrini yake ni ndogo na haina programu zinazofanya kazi kichinichini. Simujanja yenye betri kubwa mara tano huweza kwisha chaji siku ileile, ikiwa inatumiwa kwa video na mitandao ya kijamii.

Uliza pia kama betri inatoka. Zamani jambo hilo lilikuwa la kawaida. Leo ni adimu katika simujanja. Miongoni mwa chache zilizobaki na sifa hiyo ni Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 na XCover7 ya mwaka 2024, ambazo betri yake ya mAh 4,050 hutolewa kwa mkono. Faida yake ni kwamba unaweza kubeba betri ya pili iliyojaa, na betri ikichakaa baada ya miaka michache huhitaji kumpa fundi simu aifungue.

Kama utanunua pawabanki, fahamu kwamba namba iliyoandikwa juu yake haifiki yote kwenye simu. Sehemu ya nishati, pengine hata theluthi moja, hupotea wakati umeme unapogeuzwa na kupita kwenye waya. Pawabanki ya mAh 10,000 isikufanye uamini kwamba utaijaza simu ya mAh 5,000 mara mbili kamili.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu iliyo mahali penye mawimbi hafifu hula chaji haraka zaidi, kwa kuwa hulazimika kuongeza nguvu ili kuufikia mnara wa mbali. Ukiwa porini au bondeni pasipo mtandao, iweke simu katika hali ya ndegeni, kisha uifungulie mawimbi kwa muda mfupi unapofika mahali palipoinuka.

Laini mbili, huenda mnara mmoja

Simu nyingi zinazouzwa Uganda hupokea laini mbili, na wengi huweka moja ya MTN na nyingine ya Airtel. Ni tahadhari njema, kwani mtandao mmoja ukielemewa mwingine huweza kufanya kazi. Lakini tahadhari hiyo ina mpaka wake. Kampuni za simu hukodi nafasi kwenye minara ya kampuni nyingine, na sehemu kubwa ya minara nchini inamilikiwa na American Tower. Antena za mitandao miwili zinaweza kuwa zimening'inia kwenye mnara uleule, zikitegemea jenereta na betri zilezile. Mnara ukianguka au ukiishiwa umeme, laini zote mbili hunyamaza pamoja. Kabla ya kuzitegemea, tembea nazo nyumbani kwako, kazini na njiani, uone ni wapi kila moja hupotea.

Kagua pia masafa ambayo simu inayapokea, hasa ikiwa imeletwa kutoka ng'ambo. Masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 1800, 2100 au 2600. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Uchina inaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumika hapa. Ikashika vizuri katikati ya jiji na kukuacha mtupu ukifika Kasese.

Wakati wa msiba mkubwa, watu wote hupiga simu kwa pamoja na mtandao hujaa. Ujumbe mfupi wa maandishi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupita, maana mtandao huuhifadhi na kuujaribu tena hadi umfikie mlengwa. Andika kwa ufupi: uko wapi, mko wangapi, nani ameumia, mnahitaji nini.

Usiitegemee intaneti peke yake. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa. Katika uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia jioni ya tarehe 13. Mtu ambaye mawasiliano yake yote na jamaa zake yalipitia WhatsApp alijikuta hana hata namba aliyoihifadhi vizuri. Huduma za kupiga namba za nyota, kama *165# ya MTN na *185# ya Airtel, hazihitaji intaneti na hufanya kazi hata kwenye simu ya vitufe, ila nazo zinaweza kusimamishwa. Fedha taslimu kidogo ndani ya kava la simu bado ni busara.

Alama za IP zinasema nini?

Kwenye boksi la simu ngumu utaona herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili, kama IP67 au IP68. Alama hizo zinatokana na kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60529.

Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu. Kiwango cha juu ni 6, maana yake hakuna vumbi linaloingia. Tarakimu 5 inamaanisha vumbi kidogo linaweza kuingia, ila si kwa kiasi cha kukizuia kifaa kufanya kazi.

Tarakimu ya pili inahusu maji. Namba 2 ni matone yanayodondoka kutoka juu. Namba 4 ni maji yanayorushwa kutoka pande zote. Namba 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Namba 8 inamaanisha hali kali zaidi ya hiyo, lakini kina na muda huamuliwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo simu mbili zenye IP68 haziwi sawa: moja inaweza kuwa imepimwa mita 1.5 na nyingine mita kadhaa zaidi. Soma maandishi madogo. Namba 9 inahusu maji ya moto yanayorushwa kwa shinikizo kubwa. Palipo na X badala ya tarakimu, upande huo haukuwekewa kipimo.

Kuna mitego mitatu. Kwanza, simu iliyofaulu kuzamishwa si lazima iwe imefaulu kupigwa na maji ya kasi; hivyo ni vipimo viwili tofauti, na anayeosha pikipiki kwa mpira wa maji huku simu ikiwa mfukoni anajaribu kitu ambacho huenda hakikupimwa. Pili, vipimo hufanywa kwa maji matamu yaliyo safi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hilo ni nafuu kwa mvuvi wa Ggaba kuliko kwa mwenzake wa Mombasa. Lakini sabuni, mafuta ya injini na maji machafu ya mafuriko ni jambo jingine kabisa. Tatu, kinga hiyo inategemea mipira midogo ya kuziba iliyomo ndani ya simu, ambayo huchakaa kwa joto na kwa kuanguka mara kwa mara. Fundi akiifungua simu na kuifunga bila kubadilisha mipira hiyo, alama ya IP hubaki kwenye boksi tu. Aidha, kampuni nyingi hazilipi fidia kwa simu iliyoharibiwa na maji hata kama inatangazwa kuwa haipitishi maji. Uliza jambo hilo kabla ya kulipa.

"Kiwango cha kijeshi" si cheti

Maandishi mengine yanayopendwa na watangazaji ni MIL-STD-810. Hii ni hati ya jeshi la Marekani inayoeleza namna ya kuvipima vifaa dhidi ya joto, baridi, unyevu, mtikisiko, vumbi na kuanguka. Toleo la G lilitoka mwaka 2008 na toleo la H mwaka 2019.

Mnunuzi anapaswa kujua kwamba jeshi la Marekani halizikagui simu za madukani wala halizitolei cheti. Mtengenezaji huchagua mwenyewe vipimo anavyotaka kutoka katika hati hiyo ndefu, huvifanya au huviagiza kwenye maabara, kisha huandika namba ya hati kwenye boksi. Simu iliyopimwa kwa unyevu peke yake na iliyopimwa kwa mambo kumi zote zaweza kubeba maandishi yaleyale.

Kipimo kinachojulikana zaidi cha kuanguka ni mara 26 kutoka urefu wa mita 1.22, na sakafu yake ni ubao uliolazwa juu ya zege. Tena kiwango kinaruhusu maanguko hayo yagawanywe kwa vifaa hadi vitano. Lami ya Barabara ya Jinja haina ubao juu yake. Uliza ni vipimo vipi vilivyofanywa, na kama muuzaji hana jibu, tazama kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Katochi au simujanja?

Mwaka 2003, Nokia ilitoa simu ya 1100 ikiwalenga watumiaji wa nchi zinazoendelea. Ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa dhidi ya vumbi, na ubavu usioteleza mkononi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu za vitufe zilizoifuata, za Nokia, Itel, Tecno na nyinginezo, ndizo ambazo Kampala huziita katochi au kabiriti, na bado huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, si mamilioni.

Kwa dharura, simu hii ndogo ina faida ambazo hazitangazwi sana. Vitufe vyake hubonyezeka kwa mkono uliolowa, ilhali skrini ya kugusa huchanganyikiwa matone ya mvua yanapoitapakaa. Chaji yake hudumu. Betri hutoka. Fundi wa mtaani anaijua. Nyingi zina redio ya FM isiyohitaji intaneti; ila hakikisha kama yako inahitaji waya wa masikioni ili kushika mawimbi, na kama ni hivyo uhifadhi waya huo pamoja na simu. Simu yenyewe pia haivutii wezi, na hilo lina uzito wake kwa anayetembea usiku.

Kasoro zake nazo zinajulikana. Haina ramani, haitumi picha ya jeraha kwa daktari, na haiwezi kukusomea mahali ulipo. Simujanja hupokea GPS moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, hata pasipo intaneti, na ukiwa umehifadhi ramani mapema unaweza kujua ulipo hata mtandao ukiwa umezimwa. Katika jiji ambalo watu wengi huelekezana kwa kutaja kituo cha boda, kanisa au mti wa mwembe, uwezo wa kutuma tarakimu za mahali hasa ulipo unaweza kuokoa dakika nyingi.

Kwa familia nyingi za Kampala, basi, jibu la busara ni kuwa na mbili: simujanja ya kawaida iliyovaa kava zuri kwa maisha ya kila siku, na katochi yenye laini ya mtandao mwingine, iliyojaa chaji, kwa siku mbaya. Mara nyingi jumla ya gharama zake itakuwa chini ya bei ya simujanja moja ngumu. Simujanja ngumu inamfaa zaidi mtu ambaye kazi yake yenyewe iko nje na inadai intaneti: mhandisi wa barabara, mwongoza watalii, askari wa wanyamapori, mfanyakazi wa misaada.

Kama wewe ni mmoja wao, tazama pia kama kampuni itaendelea kuwepo. Simu ngumu za Cat zilipata sifa kubwa, lakini kampuni ya Uingereza iliyozitengeneza, Bullitt Group, ilifilisika mwanzoni mwa mwaka 2024. Simu haikufa siku hiyo, ila vipuri na masasisho ya usalama huwa mashakani mtengenezaji anapoondoka sokoni.

Barabarani, ziwani na mlimani

Waendesha bodaboda wengi hufunga simu kwenye usukani ili kusoma ramani za programu kama SafeBoda. Mnamo Septemba 2021, kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mtikisiko mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha katika kamera ya iPhone. Simu nyingine zenye mfumo kama huo zimo katika hatari hiyohiyo. Tumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, au weka usukani simu ya bei nafuu na uiache ile ya thamani mfukoni. Jua la mchana nalo huchosha betri, kwa hiyo usiiache simu ikichajiwa juani.

Ziwani, kumbuka kwamba simu isiyopitisha maji huzama kama jiwe. Mfuko wa plastiki wa kufungwa unaoingia shingoni kwa kamba, ulioachiwa hewa kidogo ndani, huilinda simu na kuifanya ielee. Hata kaveera mbili zilizofungwa vizuri ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Simu kamwe si badala ya jaketi la kujiokolea.

Mlimani, adui ni baridi. Anayepanda Rwenzori kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, ataona betri ikipungua ghafla, kwa kuwa baridi huipunguzia betri ya lithiamu uwezo wa kutoa umeme. Iweke simu ndani ya nguo, karibu na mwili, na usiku uingie nayo kwenye blanketi.

Na setilaiti je?

Tangu mwaka 2022, baadhi ya simujanja, zikiwemo iPhone 14, zimeweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti. Usinunue simu Kampala kwa sababu hiyo pekee: huduma hii hufunguliwa nchi kwa nchi, na ilianzia Amerika Kaskazini na Ulaya. Hakikisha kwanza kama Uganda imo katika orodha ya mtengenezaji. Simu halisi za setilaiti, kama zile za Iridium inayotumia setilaiti 66 kuizunguka dunia yote, hufanya kazi mahali pasipo mnara, lakini ni ghali, huhitaji anga wazi juu ya kichwa, na ni vyema kuiuliza Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kuhusu vibali kabla ya kuagiza.

Ukiwa dukani

Kuanzia maduka ya Barabara ya Kampala hadi vibanda vya jengo la Mutaasa Kafeero, simu halisi na za kuigiza huuzwa jirani kwa jirani. Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Bonyeza *#06#. Namba ya utambulisho ya tarakimu 15 itatokea. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, na iliyo chini ya betri kama betri inatoka. Zisipolingana, ondoka.
- Weka laini zako mbili na upige simu kwa kila moja, ukiwa mlemle dukani.
- Lowesha kidole na ujaribu skrini. Jaribu vitufe vyote, tochi, redio na kipaza sauti.
- Tazama vifuniko vya mpira vya tundu la chaji. Kifuniko kilicholegea kwenye simu mpya ni dalili ya kinga mbovu.
- Uliza bei ya kioo na betri ya modeli hiyo, na uulize mafundi wawili kama vipuri vinapatikana. Simu ngumu ambayo hakuna anayeweza kuitengeneza hugeuka mzigo kwa kosa moja.
- Dai risiti yenye namba ya simu na masharti ya dhamana.

Baada ya kununua

Simu ya akiba isifungiwe kabatini ikiwa imejaa chaji kabisa kwa miezi, wala ikiwa tupu. Betri huchakaa kwa vyote viwili. Iwashe angalau mara moja kwa mwezi, ichaji, piga nayo simu moja na uhakikishe laini haijafungwa kwa kutotumiwa. Msimu wa mvua unapokaribia, mwezi Machi na tena Septemba, ijaze.

Simu ikiingia maji, izime mara moja, toa betri kama inatoka, ifute na uiache ikauke mahali penye hewa. Usiichaji ikiwa bado na unyevu. Usiitumbukize kwenye mchele: Apple yenyewe imewashauri wateja wasifanye hivyo, kwa sababu vipande vidogo vya mchele vinaweza kuingia ndani na kuiharibu zaidi.

Namba za dharura za polisi nchini Uganda ni 999 na 112. Kwa mujibu wa viwango vya simu za mkononi, 112 inaweza kupitia mtandao wowote unaopatikana mahali ulipo, hata kama mtandao wa laini yako hauna mawimbi. Namba 116 ni ya kuripoti mateso na hatari dhidi ya watoto. Wafundishe watoto namba hizi pamoja na namba moja ya mzazi, kwa kichwa, kama wanavyojifunza jina la shule yao.

Hatimaye, chukua karatasi na uandike namba tano: za watu wawili wa karibu, ya jirani mwenye gari, ya kituo cha afya kilicho karibu, na ya mwenyekiti wa LC1 wa eneo lako. Izungushie plastiki na uiweke nyuma ya simu, ndani ya kava. Simu yako ikizimika, utaweza kuiazima ya mtu mwingine yeyote, na utajua namba ya kupiga.